Mama Alikuwemo, Nyumba Ikasema Hayupo

Niliingia nyumbani saa 2 na dakika 10 usiku. Kabla sijavua viatu, taa za sebuleni zikawaka zenyewe, kama nilivyozipanga: simu yangu ikishika Wi-Fi ya nyumbani baada ya jua kuzama, sebule iwake.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni. Mkononi ameshika simu yake, tochi ikimulika sakafu. Taa zilipowaka alifinya macho kidogo, akaizima tochi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umeme umerudi."

Umeme haukuwa umekatika.

Nilimuuliza amekaa gizani tangu saa ngapi. Akasema tangu kiza kiingie. Alibonyeza swichi, taa ikawaka, baada ya muda ikazimika. Akabonyeza tena, ikazimika tena. Mara ya tatu akaacha, akakaa kuwasubiri wenye nyumba. "Wenye nyumba", ndivyo alivyosema, na huu ni mwaka wa pili anaishi nasi.

Kabla ya kwenda kulala alisimama mbele ya kishikwambi nilichokibandika ukutani karibu na mlango. Kinaonyesha picha zetu watatu, mimi, mke wangu na yeye, na chini ya kila picha hali ya mtu huyo. Akavaa miwani, akasoma kimya, halafu akanigeukia.

"Mbona hapa pameandikwa sipo?"

Nimetembea na swali hilo wiki sita.

## Siku 11

Usiku uleule nilifungua kumbukumbu za mfumo. Natumia Home Assistant, ile programu huria ya kuendesha taa na vifaa vya nyumbani aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013. Wengi mnaosoma hapa mnayo, kwa hiyo sitaeleza namna ya kuiweka. Nilimfunga kila mtu wa nyumba hii na simu yake. Simu ikionekana kwenye mtandao, mwenye simu yupo. Isipoonekana, hayupo. Wote wasipokuwepo, nyumba inahesabiwa tupu: taa zote zinazimwa, na yoyote itakayobaki au itakayowashwa inazimwa baada ya dakika moja. Kanuni hiyo ya mwisho niliiandika kwa ajili ya taa zinazosahaulika. Sikuwahi kujiuliza ni nani atakayewasha taa ndani ya nyumba tupu.

Nilitarajia kukuta kwamba simu ya mama iliishiwa chaji jioni ile. Haikuwa hivyo. Kumbukumbu zilionyesha "hayupo" mfululizo, siku 11.

Siku 11 alilala humu, akaamka humu, akakaa na sisi sebuleni, akatufungulia mlango. Kosa halikujitokeza kwa sababu kila jioni kati yetu wawili mmoja alikuwa ameshafika, na nyumba ikaridhika kwamba kuna mtu. Ile ndiyo ilikuwa jioni ya kwanza mimi na mke wangu kuchelewa pamoja.

Nikahesabu siku kurudi nyuma na kukumbuka. Simu yake ilikuwa inajizima ovyo, ikapelekwa kwa fundi, fundi akaifuta na kuianzisha upya. Iliporudi niliiunganisha mwenyewe na Wi-Fi, nikampa, nikaendelea na shughuli zangu. Ilikuwa imeunganishwa kwa jina jipya.

Kila kifaa cha Wi-Fi kina anwani ya MAC, namba ya biti 48 ambayo huandikwa kwa tarakimu na herufi 12. Zamani ilikuwa kama alama ya kidole: kifaa hutoka nayo kiwandani na kuzeeka nayo. Siku hizi simu nyingi za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hujitungia anwani ya kubahatisha kwa kila mtandao zinaojiunga nao. Kwenye mtandao uleule simu kwa kawaida hubaki na anwani ileile, lakini ikifutwa yote, hujitungia nyingine. Kuitambua si kazi ukijua pa kutazama: alama ya pili ya anwani ikiwa 2, 6, A au E, hiyo haikutoka kiwandani.

Ya simu ya mama ilikuwa E.

Kwa hiyo jioni nzima simu yake ilikuwa imeshika Wi-Fi vizuri kabisa. Ruta iliiona. Iliiweka mwisho wa orodha pamoja na vifaa visivyojulikana, huku mfumo ukiendelea kuisubiri anwani ya zamani ambayo haikuwepo tena duniani. Na tochi ya simu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mwanga pekee ndani ya nyumba.

## Zinamficha nani

Hasira yangu ya kwanza ilikwenda kwa waliobuni anwani hizi za kubahatisha. Nilizizima kwenye simu zetu zote tatu usiku uleule, kwa mtandao wa nyumbani, nikaona nimemaliza.

Siku chache baadaye nilirudi kusoma kwa nini zilibuniwa, na hasira ikapungua. Mwaka 2013, London, kulikuwa na mapipa ya taka barabarani yaliyofungwa vipokezi vya Wi-Fi. Yalikuwa yakirekodi anwani za simu za wapita njia ambao hawakujiunga na mtandao wowote. Simu ilikuwa ikitafuta mitandao kama kawaida yake, na katika kutafuta ikitaja jina lake kwa kila sikio lililo karibu. Mtu anapita Jumatatu, anapita Jumanne, pipa linajua ni yuleyule. Habari zilipotoka, mamlaka ya eneo hilo la jiji ikataka zoezi lisimamishwe.

Simu zilijifunza kuficha majina yao kwa sababu ya masikio kama yale.

Kilichonigonga ni kwamba mimi nilikuwa ninafanya kitu kilekile, kwa nia nyingine. Simu ya mama ikiwa barabarani nataka isitambulike na yeyote. Ikifika mlangoni kwangu nataka ijitaje jina mara moja. Simu haina njia ya kujua ni sikio lipi linamtakia mema.

## Kufika kuna sauti

Mama alirudi kuwa "yupo", na ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshaingiwa na wasiwasi. Kama nyumba ilikosea siku 11 bila mimi kujua, ni wapi kwingine inakosea?

Usiku mmoja niliilaza simu yangu juu ya mto, kioo kimezimwa, nikakaa na kompyuta pembeni nikiipigia hodi kwa ping kila sekunde. Jibu la kwanza lilirudi kwa milisekunde 9. Baadaye 80. Baadaye 240. Kisha majibu mawili yakapotea, moja likaja limechelewa, na baada ya dakika kadhaa kukawa kimya kabisa.

Simu ilikuwa sentimita 40 kutoka mkononi mwangu.

Haikuwa mbovu, ilikuwa imelala. Kwa mipangilio ya kawaida ruta hujitangaza kila milisekunde 102.4, karibu mara 10 kwa sekunde. Simu iliyolala huamka kusikiliza matangazo machache tu kati ya hayo, ili ilinde betri. Nyingine hukaa kimya hata zikiulizwa jina, mpaka kuwe na ujumbe wa maana. Ukiitegemea ping peke yake, mtu aliyelala na mtu aliyeondoka ni mtu mmoja.

Kuiuliza ruta yenyewe kuna nafuu kubwa. Simu iliyolala huenda isijibu hodi, lakini haijavunja uhusiano wake na ruta, bado imo kwenye orodha ya waliounganishwa. Nilihamia huko, na zile nyakati za usiku ambapo nyumba ilikuwa ikituhesabu tumetoka kumbe tuko kitandani zikaisha.

Ila ruta nayo ina upofu wake, nao uko upande wa pili. Simu inapofika hufanya mambo kwa sauti: hujitambulisha, huthibitisha nywila, huomba anwani ya IP. Ndani ya sekunde chache kila kitu kimeandikwa. Inapoondoka, mara nyingi haiagi. Mwenye simu anatembea, mawimbi yanafifia, basi. Ruta inabaki inashikilia jina la mtu aliyekwisha kupotea njiani. Programu ya hostapd, ambayo ndiyo huendesha Wi-Fi ndani ya ruta nyingi, kwa mipangilio yake ya awali husubiri sekunde 300 za ukimya. Kisha hutuma fremu tupu, isiyo na ujumbe wowote, kuuliza kama simu bado iko. Isipojibiwa ndipo hulifuta jina. Juu ya hapo, vifuatiliaji vingi vya Home Assistant huongeza subira yao, sekunde 180 usipobadilisha.

Nilisoma maelezo ya hiyo fremu tupu mara kadhaa. Mtu aliyeandika programu ya kurusha mawimbi aliona kwamba ukimya hautoshi, kwamba kabla hujamfuta mtu orodhani umuulize kwanza. Mimi niliyeandika kanuni za nyumba anamoishi mama yangu sikuliona hilo.

Kufika kuna sauti. Kuondoka hakuna.

Kila kanuni ya nyumba tupu imejengwa juu ya kitu ambacho hakuna aliyekisikia.

## Yuko, yupo, yumo

Nilipokuwa nauwekea mfumo maneno yangu ya Kiswahili, hali mbili za mtu niliziandika "Yupo" na "Hayupo". Sikulitafakari hata dakika moja. Na lugha yetu ndiyo ingeniokoa kama ningeisikiliza.

Anayeuliza "yuko wapi?" hajui mahali, anauliza kwa upana. Anayesema "yupo hapa" ana mahali anapopajua na anaweza kupaonyesha kwa kidole. Anayesema "yumo" amekwisha kuona ndani. Mtoto wa miaka minne hachanganyi haya. Mimi niliyachanganya kwenye mstari mmoja wa mipangilio.

GPS ya simu inaweza kusema yuko. Eneo la nyumbani ndani ya Home Assistant ni duara la nusu kipenyo cha mita 100 usipoligusa, na ndani ya duara hilo kuna nyumba za majirani, barabara, na mtu anayepita tu kwenda kwingine. Wi-Fi inakaribia kusema yupo, ijapokuwa mawimbi yake hayajali ukuta, yanatoka hadi uani na mbele ya geti. Taa ya sebuleni inahitaji kujua jambo la tatu: nani yumo.

Na simu, hata ikisema kweli tupu, inasema habari zake yenyewe. Simu imo. Mwenye simu ni neno la kuongezea, nami nililiongezea bila ushahidi.

Nilijaribu kuipata hiyo "yumo" kwa Bluetooth. Nikaweka vibao vidogo vya ESP32, chipu yenye Wi-Fi na Bluetooth, kimoja kila chumba, visikilize simu iko karibu na kipi. Bluetooth nayo inajificha: anwani yake hubadilika kila baada ya dakika 15 hivi, na anayeweza kuifumbua ni yule tu aliyepewa ufunguo wa biti 128 wakati vifaa vilipooanishwa. Nilipenda mpango huo tangu nilipouelewa. Simu inabaki mgeni kwa dunia nzima na inafahamika kwa wale iliowaamini tu.

Ugumu ulikuja kwenye umbali. Kibao hakipimi mita, kinapima nguvu ya mawimbi. Simu ya mama ilipokuwa mezani, mita 3 kutoka kibao cha sebuleni, nilisoma -61. Mama akaichukua, akaitia mfukoni, akakaa kitini pake ameupa ukuta ule mgongo. Nikasoma -78.

Tofauti ni desibeli 17, maana yake nguvu imeshuka karibu mara 50. Mahali palipo wazi, ili mawimbi yapungue kiasi hicho umbali lazima uongezeke mara 7. Kwa hiyo kwa akili ya kibao, mita 3 ziligeuka 21. Mama alikuwa ametolewa nje ya nyumba, naye hajanyanyuka kitini. Kilichomtoa ni mwili wake mwenyewe. Binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na mawimbi ya gigahezi 2.4 humezwa na maji.

Mwili ule ninaoutafuta ndio unaoniziba nisiuone. Nilikaa na jambo hilo siku nzima.

## Swali la mke wangu

Katika kujaribu vibao nilichora grafu nzuri sana. Kila mtu na mstari wake, rangi yake, saa aliyofika, saa aliyotoka, chumba alichokaa na kwa muda gani. Nilimwita mke wangu nimwonyeshe jinsi mfumo unavyopatia sasa saa ya mtu kufika, karibu kwa dakika.

Aliitazama kwa muda. Akaweka kidole kwenye mstari wake, Alhamisi.

"Hii yote inahifadhiwa?"

Nikasema ndiyo.

"Siku ngapi?"

Kwa kawaida Home Assistant hufuta historia baada ya siku 10. Mimi nilikuwa nimeiongeza mpaka 365, wakati fulani nilipokuwa nafuatilia matumizi ya umeme, na sikuirudisha. Nikamwambia mwaka mzima.

"Mume wangu, mimi sijawahi kukwambia uniandikie nikirudi saa ngapi."

Hakupandisha sauti. Nilianza kueleza kwamba data haitoki nje ya nyumba, kwamba iko kwenye kompyuta yetu wenyewe, kwamba hakuna kampuni inayoiona. Yote ni kweli, na nikiwa katikati ya maelezo nikasikia kwamba sijamjibu. Yeye hakuuliza kuhusu kampuni. Aliuliza kuhusu mimi.

"Na mama, anajua?"

Mama hakujua.

Nilizima vibao vyote usiku ule. Nikafuta historia ya mahali pa watu, nikaacha ya umeme na joto. Nilipoanza kufuta nilisita, kwa sababu bila historia nisingeziona zile siku 11. Kumbukumbu iliyonionyesha kosa dhidi ya mama ndiyo hiyohiyo iliyokuwa kosa dhidi ya mke wangu, na sijapata njia ya kuzitenganisha kabisa. Sasa hivi historia ya watu hukaa siku 2, kisha hufutwa. Siku 2 zinanitosha kufuatilia hitilafu niliyoambiwa. Hazitoshi kwa hitilafu ambayo aliyeumizwa nayo hakuisema, na mama ni mtu asiyesema. Hilo bado linaniuma.

## Ukimya uleule

Badiliko kubwa lilikuja nilipoacha kuuliza "simu inaonekana?" nikaanza kuuliza "ukimya wa simu hii una maana gani?"

Home Assistant ina kihisi cha kukadiria kwa kanuni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza ambaye insha yake ya uwezekano ilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake. Nilikuwa nimekiruka mara nyingi kwa kuogopa hesabu. Safari hii nilichukua karatasi.

Tuanze na simu yangu. Jioni ya kawaida ya kazi, nakadiria uwezekano wa mimi kuwa nje ni 30 katika 100. Nikiwa nje, simu yangu haionekani kwenye ruta mara 99 katika 100. Nikiwa ndani haionekani mara 10 katika 100, labda betri, labda nimezima Wi-Fi nikasahau. Ukipiga hesabu, ukimya wa simu yangu unasema uwezekano wa mimi kuwa nje umepanda kutoka asilimia 30 hadi karibu 81. Ni ushahidi mzuri, ingawa bado jioni moja katika kila tano za ukimya niko ndani.

Sasa simu ya mama. Yeye jioni hatoki, nikadirie 10 katika 100. Akiwa nje simu haionekani mara 99 vilevile. Lakini akiwa ndani simu yake haionekani mara 60 katika 100, kwa sababu huizima kutunza chaji, au imo kwenye mkoba, au amezima Wi-Fi bila kukusudia alipokuwa akitafuta tochi. Hesabu ileile inatoa asilimia 15 au 16 tu kwamba yuko nje.

Simu yake ikikaa kimya, uwezekano mkubwa ni kwamba mama yumo ndani.

Makadirio haya ni yangu, ya nyumba moja, na siwezi kumkabidhi mtu mwingine. Lakini nilipoyaona kwenye karatasi nilielewa nilichokuwa nimefanya. Nilichukua tabia yangu, mtu anayelala na simu na kuamka nayo, nikaifanya kipimo cha kila mtu. Mama hakuwa amekosea chochote kwa kuzima simu yake. Ni kitu chake, akitaka anakizima.

## Pumzi

Marafiki wawili walinishauri niachane na simu kabisa, niweke rada. Vihisi vya kawaida vya mwendo, vile vinavyoona joto la mwili, humpoteza mtu akitulia, na mama anaweza kukaa saa nzima bila kujitikisa. Rada ndogo za gigahezi 24 au 60 hazimpotezi, kwa sababu zinaona hata kifua kikipanda na kushuka. Hata Wi-Fi yenyewe inaweza kufanya kazi ya namna hii. Mwaka 2013 Fadel Adib na Dina Katabi wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba mawimbi yake yanaweza kufuatilia mwendo wa watu walio nyuma ya ukuta, ambao hawakubeba kifaa chochote.

Nilinunua rada mbili. Moja nikaifunga sebuleni. Ya pili nilitaka iende chumbani kwa mama, na safari hii, baada ya yale ya mke wangu, nilikwenda kuuliza kwanza.

Nilimweleza kwa urefu. Haina kamera, haina maikrofoni, haijui ni nani, inajua tu kuna mtu anayepumua. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, nyumba inataka kunihesabia pumzi?"

"Ni ili taa zisikuzimikie, mama."

"Si uniachie swichi?"

Rada ya pili imo kwenye boksi lake mpaka leo.

Ile ya sebuleni imebaki, kwa ridhaa yake na ya mke wangu, na haihifadhi historia hata ya saa moja. Lakini kilichorekebisha nyumba kwa kweli ni lile jibu la mama. Nilifuta kanuni ya kuzima taa ndani ya nyumba tupu. Siku hizi mkono ukibonyeza swichi, hakuna kanuni yoyote inayoweza kuubatilisha: si simu, si rada, si saa. Swichi iliyobonyezwa ndiyo shahidi mkubwa kuliko wote, kwa sababu hakuna mawimbi yanayoweza kubonyeza swichi. Jioni ile mama alitoa ushahidi huo mara tatu, na mara tatu nyumba ikaukataa kwa sababu simu ilikuwa imesema tofauti.

Mambo mengine nimeyapanga kwa kujiuliza nani anaumia nikikosea. Kuwasha taa mtu anapofika, simu moja inatosha, maana kosa lake ni taa kuwaka bure. Kuzima feni au kipasha joto, mfumo unasubiri simu zote na rada zikubaliane kwa dakika 20. Kufunga mlango na kuwasha king'ora nimekutoa mikononi mwa mfumo kabisa. Kunafanywa na mtu anayetoka, kwa kidole chake, baada ya kuita ndani kama kuna aliyebaki.

Umeme kidogo unapotea. Sawa.

Kazi ya mwisho ilikuwa kishikwambi. Nilirudi kwenye ule mstari wa mipangilio nilioujaza haraka, nikafuta "Yupo", nikaandika "Simu imesikika". Nikafuta "Hayupo". Mahali pake nikaandika "Simu haijasikika tangu", na mbele yake saa.

Juzi jioni mama alipita pale akielekea jikoni, akasimama, akavaa miwani. Nilikuwa mezani, nikajifanya nasoma.

"Simu haijasikika tangu saa 9," akasoma kwa sauti. Akafikiri kidogo. "Ni kweli. Niliizima nikalala."

Akaenda kuitafuta chaja.